Shati la Kijani Lililoonekana la Dhahabu: hotuba kuhusu kunakili vifaa na maleba ya tamthilia za kisayansi

Mheshimiwa Mwenyekiti, wanachama wenzangu, mafundi na washonaji mliofika, pamoja nanyi wageni ambao huenda mmeletwa hapa na udadisi tu,

Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kuzungumza. Niliombwa nieleze namna ninavyotengeneza nakala za vifaa na maleba ya tamthilia za televisheni zenye masimulizi ya sayansi ya kubuni, na nilipoketi kuandika maelezo yangu nilitambua kwamba sehemu kubwa ya muda wangu karakanani haiishii katika kukata, kugundisha wala kupaka rangi. Huishia katika kulijibu swali moja ambalo fundi mgeni huliruka bila hata kujua kuwa ameliruka: ninanakili kitu kipi hasa? Swali hilo linasikika jepesi mpaka siku utakapojaribu kushona shati, kwa hiyo naomba nianze na shati.

Tamthilia ya Star Trek, inayohusu safari za chombo cha angani, ilianza kurushwa nchini Marekani tarehe 8 Septemba 1966, na ilipokoma mwaka 1969 ilikuwa imetimiza vipindi 79. Mbunifu wa maleba yake, William Ware Theiss, aliwavisha watu wa chomboni mashati ya rangi tatu kulingana na kazi zao. Mbili kati ya hizo hazina utata, nyekundu na buluu. Ya tatu ni ile ya makamanda, ambayo karibu kila mtazamaji atakuapia kuwa ni ya dhahabu. Haikuwa ya dhahabu. Kitambaa kilichokuwa mezani kwa fundi cherehani kilikuwa cha kijani, kijani kinachokaribia nyama ya parachichi, na kilikuwa velua, yaani kitambaa chenye manyoya mafupi cha jamii ya mahameli. Manyoya yale yalipomulikwa na taa kali za studio na kupigwa picha kwa filamu ya wakati ule, kijani kikageuka kuwa kitu kingine. Ushahidi umo ndani ya tamthilia yenyewe, kwa sababu kapteni alikuwa na shati jingine, lile la kupishanisha kifuani, lililoshonwa kwa kitambaa cha namna nyingine, nalo hubaki la kijani kwenye kioo kama lilivyokuwa mkononi.

Sasa wewe fundi unayetaka kulishona shati hilo leo utanunua kitambaa cha rangi gani? Ukinunua cha kijani, umelifuata shati lililotundikwa katika chumba cha maleba. Ukinunua cha dhahabu, umelifuata shati waliloliona mamilioni ya watu sebuleni mwao. Yote mawili ni ya kweli, lakini ni mashati mawili. Hata kitambaa chenyewe kina mtego, kwani velua ile ilikuwa ikirudi kila inapofuliwa, jambo lililowasumbua waigizaji na washonaji kiasi kwamba katika msimu wa tatu walihamia kwenye kitambaa cha nailoni kilichofumwa kwa uzito zaidi. Kwa hiyo anayesema anashona "shati la Star Trek" bila kutaja msimu bado hajaanza kazi.

Mimi nilishona la kijani. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyesoma, na nilipolivaa kwa mara ya kwanza hadharani nilijiandaa kwa ubishi, nikiwa na maelezo yote ya taa na filamu tayari mdomoni. Watu watatu waliniambia rangi nimekosea, nikawaeleza, wakaenda zao bila kushawishika. Wa nne alikuwa mzee mmoja aliyesimama kimya akilitazama shati kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, shati hili lilikuwa la kijivu." Alikuwa ameitazama tamthilia nzima kwenye televisheni isiyo na rangi. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Tangu siku ile nimeacha kusema kwamba nakala yangu ni sahihi. Husema tu kwamba nimenakili kipi.

Mfano wa pili unatoka Uingereza, na unafanana na ule wa mzee yule kuliko nilivyotarajia. Tamthilia ya Doctor Who ilianza kurushwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, na mwezi uliofuata wakatokea Dalek, viumbe wale waliomo ndani ya magamba ya chuma yanayoteleza sakafuni. Mbunifu wao, Raymond Cusick, hakuanza na jini wala na mashine. Alianza na mtu aliyeketi kwenye kiti, kwa sababu mwigizaji alipaswa kukaa ndani na kulisukuma gamba kwa miguu yake, na umbo lote lile lilijengwa kumzunguka. Mkono wa kutisha wa Dalek, kama wengi mnavyofahamu, ni mpira wa kuzibulia sinki. Magamba yale ya kwanza yalipakwa rangi ya fedha, na nusutufe zinazopamba sketi zake, ambazo kwa kawaida huwa 56, zilipakwa buluu. Lakini matangazo yalikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, kwenye picha yenye mistari 405 tu. Mtazamaji wa mwaka 1963 hakuiona buluu ile hata mara moja. Fundi anayeipaka leo kwa uangalifu, akichanganya kopo baada ya kopo mpaka aipate, anafanya uaminifu kwa mtu aliyekuwa studioni akiwa ameshika brashi, wala si kwa mtazamaji. Mimi naona ni uaminifu mzuri, alimradi anayeufanya anajua ni wa nani.

Mwaka 1973, tamthilia ilipotimiza miaka 10, jarida la Radio Times lilitoa toleo maalumu lenye ramani ya kumwezesha msomaji kujijengea Dalek nyumbani. Hapo liliongezeka tabaka jingine, kwani aliyefuata ramani ile alinakili mchoro, na aliyekuja baadaye akapima gamba la jirani yake alinakili nakala ya mchoro. Kwa wale mnaokusudia kujenga moja, nina ushauri mmoja wa kifundi kabla hamjagusa plaiwudi: mpimeni kwanza atakayeketi ndani akiwa ameketi, magoti yamekunjwa, kisha mpime mlango wa karakana. Nawajua watu waliokumbuka la pili wakiwa wameshakausha rangi.

Niruhusuni sasa niingie katika upimaji, kwa maana ndiko kazi ilipo. Mara nyingi hatuna kitu chenyewe, bali picha zake zinazotikisika. Hatua ya kwanza ni kutafuta ndani ya picha kitu ambacho kipimo chake kinajulikana, na hapa uchumi wa studio hutusaidia, kwa kuwa watengenezaji wa tamthilia walikuwa wakiokota vitu dukani. Katika Star Trek, vyombo vya tiba vya daktari wa chomboni vilikuwa vichupa vya chumvi. Vilinunuliwa kwa ajili ya kipindi kinachohusu kiumbe mwenye uchu wa chumvi, vikaonekana vya kisasa mno kiasi kwamba mtazamaji asingevitambua kuwa ni vya chumvi, basi vikapelekwa kwa daktari vikawa vyombo vya matibabu, na mezani vikawekwa vichupa vya kawaida. Kwangu mimi kisa hiki si kichekesho tu. Kichupa cha dukani kilitengenezwa kwa wingi, na mtu akikipata kimojawapo akakipima kwa kalipa, yaani kifaa cha kupimia unene na kipenyo, amepata urefu, kipenyo na mkunjo wa shingo bila kukisia. Zaidi ya hapo, kila kitu kilichoshikwa karibu na kichupa hicho katika fremu ileile sasa kinapimika.

Lakini si fremu yoyote. Lenzi pana huvimbisha kilicho karibu na kukinyong'onyeza kilicho mbali, na lenzi ndefu hubana umbali hadi vitu viwili vilivyotengana huonekana vimeshikana. Kwa hiyo huchagua fremu ambayo kifaa kimelala sambamba na kamera, karibu na katikati ya picha, mkono wa mwigizaji ukiwa umetulia. Hupima uwiano na si urefu: upana wa kisanduku ni mara ngapi ya unene wake, tundu liko theluthi au robo ya njia. Hurudia kwa fremu kumi au zaidi, naandika majibu yote, na yale yanayojitenga na wenzake nayaacha. Kisha hukata kadibodi, nakiunga kisanduku cha majaribio, nakishika mkononi mbele ya kioo nikiiga jinsi mwigizaji alivyokishika. Kidole gumba kikifika mahali ambapo chake hakifiki, kuna mahali nimekosea. Hatua hii ya kadibodi haigharimu chochote, na kila nilipoiruka nimejuta.

Ndipo hukutana na tatizo ambalo vitabu vya ufundi hugusia kwa haraka, nalo ni kwamba kifaa kimoja cha tamthilia kwa kawaida si kimoja. Kipo kilichotengenezwa kwa ajili ya kupigwa picha kwa karibu, chenye taa na sehemu zinazosogea, na vipo vya mpira au vya mbao vya kuning'inia kiunoni na kuangushwa wakati wa mapigano, ambavyo ukivitazama vizuri vimepakwa rangi kwa haraka na vifungo vyake ni vya kuchora. Chukueni kifaa cha mawasiliano cha Star Trek, kile chenye kifuniko cha matundu kinachofunguka juu, kazi ya msanii Wah Chang, ambaye pia alitengeneza kile kisanduku cha vipimo kinachoning'inizwa begani. Ndani ya vile vilivyokusudiwa kuonekana kwa karibu mlikuwa na duara lenye mistari iliyopishana ambayo huchezacheza machoni linapozunguka, na kilicholizungusha kilikuwa mtambo wa saa ya kupimia mbio. Hakukuwa na umeme wala kompyuta, bali springi tu. Katika vile vya kiunoni duara halizunguki.

Sasa hadithi inatuambia jambo la tatu kabisa: kwamba kifaa hiki ni cha chuma, kinazungumza na chombo kilichoko juu angani, na hufunguka kwa mtikiso mmoja wa kiganja. Hapa ndipo mafundi wengi, nami nikiwemo, huanza kuchanganya mambo. Tunataka duara la saa kama la studioni, rangi kama ya kwenye kioo, na uzito kama wa kwenye hadithi. Nimewahi kukijenga kimoja cha namna hiyo. Nilikitengenezea kifuniko cha shaba ya manjano kilichotobolewa tundu kwa tundu, nikakipa bawaba yenye mvuto ili kifunguke kwa kishindo. Kilifunguka kwa uzuri wa ajabu, lakini uzito wa kifuniko ulikipindua kisanduku mkononi kila mara, kwa kuwa mwili wake ulikuwa wa plastiki nyepesi kama ule wa studioni. Nililazimika kuweka kipande cha risasi, ile metali nzito, chini ya duara ili kusawazisha. Kikafanya kazi, lakini hakikuwa tena nakala ya kitu chochote kilichowahi kuwepo, si studioni wala katika hadithi. Nakipenda hata hivyo, na mtakiona pale mezani.

Kuhusu kalibu na kusubu, yaani kutengeneza umbo tupu na kumwagia ndani yake nyenzo hadi igande, mambo ya msingi mnayajua, nami sitayarudia. Nitataja kosa langu moja kwa sababu huwapata wengi. Nilifinyanga kofia ya rubani kwa udongo wa kufinyangia wenye salfa ndani yake, kazi ya wiki sita, kisha nikaimwagia silikoni ya aina inayokauka kwa msaada wa platinamu. Salfa huizuia silikoni ya aina hiyo isikauke. Nilipofungua asubuhi, upande wa nje ulikuwa mgumu kama inavyotakiwa, na ndani, palipogusana na udongo, mlikuwa na uji unaonata uliobeba nao kila mstari niliouchonga. Silikoni ya aina ya bati isingenigomea, ingawa nayo huzidi kusinyaa kadiri miaka inavyopita. Siku hizi, kabla ya kumwaga chochote, hupaka tone moja kwenye kipande cha udongo uleule na kusubiri mpaka kesho.

Printa za pande tatu zimewaondolea wengi adha hiyo, na sina ugomvi nazo. Zinahitaji subira ya msasa, kwa kuwa tabaka zake huonekana hata zikiwa za unene wa milimita 0.2, na plastiki yake ya kawaida, PLA, huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Kofia iliyoachwa ndani ya gari juani itawafundisha haraka kuliko mimi. Sponji ngumu ya EVA ndiyo rafiki wa anayeanza: hukatwa kwa wembe mkali, hupindwa kwa hewa ya moto, hushikanishwa kwa gundi ya viatu. Gundi hiyo ina mvuke unaolevya, na vumbi la sponji na la rezini iliyokauka hukaa mapafuni, kwa hiyo barakoa ya kitambaa haitoshi. Kichujio cha vumbi hakizuii mvuke, nacho cha mvuke peke yake hakikutengenezwa kwa vumbi. Someni maandishi ya kichujio kabla ya kununua. Na tafadhali, msikate plastiki ya PVC kwa mashine ya leza, kwa kuwa moshi wake una kloridi ya hidrojeni, ambayo huanza na mapafu na kumalizia na mashine.

Nirudi kwenye nguo, maana nimeona washonaji wakinitazama kwa macho ya kudai haki yao. Wana sababu. Katika mkutano wa kwanza wa dunia wa mashabiki wa bunilizi za kisayansi, uliofanyika New York mwaka 1939, mtu anayekumbukwa zaidi kwa kutinga mavazi ya wakati ujao ni Forrest J Ackerman, lakini aliyeyabuni na kuyashona, yake na ya mwenzake, ni Myrtle Douglas. Mvaaji husifiwa na fundi husahauliwa. Hilo halikuanza jana.

Nguo ninayoipenda kuliko zote katika historia ya tamthilia hizi ni ya makosa, nayo ni skafu ya Doctor Who ya enzi za Tom Baker, aliyeanza kuigiza nafasi ya mhusika mkuu mwaka 1974. Mbunifu wa maleba, James Acheson, alimpelekea mfumaji Begonia Pope sufi za rangi mbalimbali, nyingi kuliko zilizohitajika, ili achague. Mama yule hakuelewa kwamba anapaswa kuchagua, akazifuma zote. Ilipofika ilikuwa ndefu kupita kiasi, wakaicheka, mwigizaji akaivaa, na ikawa ndiyo alama yake. Wanaoifuma leo huhesabu mistari ya kila rangi katika picha, wakabishana kama mstari fulani wa hudhurungi una safu nane au kumi. Nami nimehesabu. Hesabu hiyo ina tabia ya kukataa kutulia, kwa sababu kitambaa cha aina ile hunyooka kwa uzito wake chenyewe, skafu ilirekebishwa kadiri misimu ilivyopita, na ikatengenezwa nyingine ya ziada. Nilipomaliza yangu ilikuwa na urefu niliouhesabu kwa uangalifu mkubwa. Baada ya kuivaa mara chache iliongezeka karibu nusu mita, na wala sikufuma uzi mwingine.

Limebaki jambo la haki, nitalisema kwa ufupi. Nchini Uingereza, mwaka 2011, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kofia za askari wavaao magamba meupe katika filamu za Star Wars si sanaa ya uchongaji kwa maana ya sheria, hivyo hazikulindwa nchini humo kwa miaka mingi kama inavyolindwa sanamu. Lakini majaji haohao wakasema mahakama za huko zinaweza kusikiliza dai la kukiuka hakimiliki ya Marekani. Mnaona basi kwamba kofia ileile huweza kuwa na jibu moja hapa na jingine kule. Ninyi mnaotengeneza kwa ajili ya kuvaa wenyewe mtapata usumbufu kidogo. Mkianza kuuza, tafuteni mwanasheria wala msinitafute mimi. Lakini kuna kosa ambalo halihitaji mwanasheria kulitambua, nalo ni kununua kofia ya fundi mwenzako, kuitengenezea kalibu na kuuza watoto wake. Nyenzo nyingi za kusubu husinyaa kidogo, kwa hiyo nakala ya nakala huwa ndogo kuliko mama yake, na ya tatu ndogo zaidi. Nimewahi kuletewa kofia iliyonibana masikio, nikaipima, nikakuta kwenye kisogo mkwaruzo mdogo wa msasa ambao niliuacha mimi mwenyewe miaka minne kabla. Sikusema neno. Nilimrudishia mwenyewe kofia yake, nikamwonyesha mkwaruzo uleule kwenye ile iliyoko nyumbani kwangu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, vitu viko pale mezani, na karibu na kila kimoja nimeweka karatasi inayosema ni nakala ya nini: ya studioni, ya kwenye kioo, au, kwa kile kisanduku chenye risasi, ya kichwani mwangu. Shati la kijani lipo, na kando yake nimetundika la dhahabu nililolishona mwaka uliopita. Safari hii nimeongeza la tatu, la kijivu. Mnaruhusiwa kugusa kila kitu. Maombi yangu ni mawili tu: kifaa cha mawasiliano kifungueni kwa mikono miwili, kwa maana bawaba imeanza kulegea, na skafu msiivute.